Kiyoyozi cha Gari la Bibi Zuhura

Nakumbuka mchana mmoja wa mwezi wa kumi, jua la Tabora limekaa juu ya mabati ya Kanyenye kama lina ugomvi na watu, gari jeupe la zamani lilipoingia karakanani kwetu polepole na kusimama chini ya banda. Mwanangu, kabla hujagusa waya hata mmoja wa lile gari la mteja wako, keti kwanza nikusimulie habari za hilo gari jeupe. Umeniuliza kuna ubaya gani ukilifungia gari la mteja kiyoyozi leo leo, maana mwenyewe ana haraka. Sitakujibu kwa neno moja, kwa sababu mimi mwenyewe jibu lake sikulipata kwa neno moja.

Wakati ule nilikuwa binti wa umri wako, fundi umeme wa magari, nimetoka Dar es Salaam karibuni. Huko nilikuwa nimejifunza kufunga viyoyozi kwenye magari, kazi ambayo hapa kwetu ilikuwa bado ngeni. Niliporudi nilipokewa na Fundi Maganga, mwenye karakana, mtu mzima aliyeyajua magari ya zamani kama mchungaji anavyowajua ng'ombe wake. Viyoyozi hakuvijua, na hakuona haya kusema hivyo. Mimi nikawa namwonyesha hili, yeye ananionyesha lile, na watu walipouliza inakuwaje mtoto wa kike anashika spana, alikuwa akiwajibu kwamba nati haina macho.

Gari lile lilikuwa la Mzee Nassoro, mfanyabiashara wa hapa mjini ambaye alikwisha kuwaachia wanawe duka. Alishuka yeye peke yake. Kwenye siti ya mbele alibaki mkewe, Bibi Zuhura, uso umelowa jasho, macho ameyaelekeza mbele kana kwamba gari bado linakwenda. Nilimwendea dirishani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni wa nani?"

Nikamtajia baba yangu, nikamwambia kwetu ni Ntalikwa. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Haukupita muda akanigeukia tena, kwa upole uleule, "Wewe ni wa nani?"

Mzee Nassoro alikaa kwenye benchi, akavua kofia, akatueleza. Mkewe alikuwa amepotewa na kumbukumbu kidogo kidogo. Majina ya wajukuu yalikwisha kumtoka, na njia ya sokoni pia. Gari ndilo lililobaki. Ndani ya gari lile aliletwa arusi, na ndani yake alipelekwa kujifungua watoto wake wote. Ukimletea gari jingine hapandi. Walishajaribu gari la mpwa wao, jipya, lenye ubaridi wake kabisa, akashika mlango akalia mpaka majirani wakatoka. Treni nayo ilimtisha kwa kelele na wingi wa watu. Na hili lake akishalipanda, kumshusha ni shughuli nyingine; hashuki kwa kuambiwa, hushuka moyo wake ukipenda.

Ndugu walikuwa wamesema abebwe tu kwa nguvu, atanyamaza njiani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mwanangu. Mzee Nassoro ndiye aliyekuwa akilala na kuamka naye, akijua kwamba mama yule akitishwa asubuhi, basi hali chakula siku ile na hata ya pili yake.

Sasa, Bibi Zuhura alikuwa na dada yake Urambo, Bibi Nyamizi, na wao wawili ndio pekee waliobaki hai kati ya watoto wa tumbo la mama yao. Bibi Nyamizi alikuwa amelala kitandani na habari zilizokuja kutoka kwake hazikuwa nzuri. Mzee Nassoro alijaribu kumpeleka mkewe wakaonane. Hawakufika hata Usoke. Joto lilimzidi mama akazirai kwenye siti, na mzee akageuza gari. Daktari alimkataza asimsafirishe tena katika hali ile. Na kuondoka alfajiri, kabla jua halijapanda, ndiko kule kule kumwamsha kwa nguvu.

"Kwa hiyo gari ni hilihili, na joto ndilo hili," alisema. "Nimesikia hapa kuna binti anajua kutia baridi kwenye gari. Nitilieni baridi, nimfikishe kwa ndugu yake."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, na mimi siku ile niliuona mwepesi kweli. Huruma ilinishika nikamwambia, "Inawezekana, baba. Tukipata kompresa tu, ile pampu ya gesi ya ubaridi, siku chache utaondoka."

Fundi Maganga hakunikatiza mbele ya mgeni. Aliniita nikae kwenye usukani, niwashe injini, niiache ingurume palepale bila kukanyaga mafuta. Kisha akaniambia niwashe taa kubwa. Halafu wipa. Wakati wote huo alikuwa ameweka kidole kwenye geji ya chaji, kile kisaa kidogo kinachoonyesha kama umeme unaingia kwenye betri au unatoka. Mshale wake ulianza kulala upande wa kutoka, na kila nilipowasha kitu kingine ukalala zaidi.

"Umeona?"

"Nimeona, fundi."

"Hili linazalisha umeme kwa dainamo ya kizamani. Likikimbia, linapata wa kutosha taa zake. Likisimama, linakula akiba ya betri. Halijiwezi lenyewe, na wewe umeshamwahidi mwenyewe kwamba utalitwika mzigo mwingine. Babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe kutoka hapa hadi pwani. Alituambia mnyapara mwenye akili hakumwongezea mtu mzigo kabla hajamtazama anavyosimama na ule alio nao. Wewe, Kalunde, umeutazama mzigo. Bega hujalitazama."

Alisema bila ukali, akifuta mikono. Kisha akalala chini ya dashibodi akanivutia fungu la nyaya nilione. Zilikuwa zile za zamani zilizovikwa kitambaa juu ya mpira, na mpira umekauka; alipoukunja mmoja, ganda lilipukutika mkononi mwake kama ngozi ya karanga. Nyaya za namna ile zinaweza kudumu miaka zikibeba kiasi chake. Ukizipitishia umeme wa feni ya kiyoyozi na sumaku ya kompresa, zinapata moto.

Tukamweleza Mzee Nassoro. Dainamo itoke iingie alteneta, inayozalisha umeme mwingi hata gari likiwa limesimama, nyaya zibadilishwe, kiyoyozi kiwe na njia yake kutoka kwenye betri, fyuzi yake na rilei yake ya kuwashia, na mbele ya rejeta tuongeze feni ya umeme ili injini isichemke. Kompresa na alteneta vitoke Dar kwa treni. Alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukabadilika.

"Fundi, mimi nakuambia habari za mgonjwa, wewe unaniambia habari za nyaya," alisema. "Binti amesema siku chache. Kifungeni kwenye huohuo umeme uliopo. Ni safari moja tu, kwenda na kurudi. Betri nitanunua mpya."

 Ukweli ni kwamba betri mpya ingeweza kulifikisha gari Urambo, na moyoni nilikuwa upande wake. Fundi Maganga alikwenda mtungini, akachota maji, akampa. Halafu akamuuliza taratibu, "Mzee wangu, nyaya hizi zikishika moto hapo chini, kwenye miguu ya mama, nawe ukamwambia ashuke, atashuka?"

Mzee Nassoro alimtazama mkewe kwenye ile siti. Alikirudisha kikombe bila kunywa. Mwisho akasema, "Fanyeni mnavyojua. Ila mjue kwamba huko Urambo hatungojwi."

Tulifanya kazi ile kwa bidii, na nakiri tuliifurahia pia, maana ukiona vyaelea vimeundwa. Wakati tukisubiri mzigo wa treni tulivua nyaya zote za zamani tukavuta mpya nene. Gari lile lilitengenezwa na ncha ya chanya ya betri ikiwa imefungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya siku hizi, kwa hiyo ilibidi tugeuze mpangilio wote kabla ya kufunga alteneta, la sivyo ingeungua siku hiyo hiyo. Hapo Fundi Maganga ndiye aliyeniongoza. Ilipokuja zamu ya mabomba ya gesi na lile sanduku la ubaridi chini ya dashibodi, niliongoza mimi, naye akawa ananishikia taa.

Bibi Zuhura alikuwa akiletwa karibu kila mchana. Nyumbani alikuwa anaulizia gari, hatulii mpaka alione, basi mumewe anamshika mkono wanatembea hadi karakanani. Akifika anapanda siti yake, anakaa. Sisi tunafanya kazi kumzunguka. Siku moja nilikuwa nimelala kifudifudi miguuni pake nikikaza vishikizo vya lile sanduku, nikahisi kitambaa changu cha kichwa kinafunguliwa. Alianza kunisuka. "Tulia, mtoto," alisema. "Umekiacha kichwa kimekuwa kichaka." Nikatulia. Fundi Maganga alikuja kuuliza kulikoni kazi imesimama, akaona, akaondoka zake. Ndiyo maana mkono wangu ukaja kuwa na hadhari ya pekee katika kazi ile. Nilikuwa nimekwisha kumjua nitakayemweka juu ya nyaya zile.

Ikafika siku ya kujaribu. Niliwasha injini, nikaiacha imesimama bila kukanyaga mafuta. Nikawasha taa, wipa, feni ya rejeta, na kiyoyozi. Mshale wa geji ulitikisika, ukashuka kidogo, ukarudi ukasimama. Ubaridi ukaanza kutoka. Mzee Nassoro alitia mkono mbele ya kile kitundu, akautoa, akautia tena, akacheka. Sikuwa nimemwona akicheka kabla ya hapo. Tukamwita mama akae, tukafunga milango, tukapandisha vioo vyote, kama inavyotakiwa ili ubaridi usitoke.

Bibi Zuhura alikaa kidogo. Kisha akaanza kugeuka huku na huku. Akagusa kioo. Akakipiga kwa kiganja. "Nifungulieni," alisema, na sauti yake ikapanda, "nifungulieni, upepo uko wapi? Mmeniweka wapi humu?" Alikuwa analia sasa, na mumewe akimshika anamsukuma kwa sababu wakati huo hata yeye hakumtambua.

Nilizima injini upesi, tukafungua milango. Hashuki, wala hatulii. Mzee Nassoro alitoka akasimama kando, ameweka mikono kichwani. Nami nilisimama pale na spana yangu, nafsi imeninywea. Kila kitu tulikuwa tumekipima, umeme, gesi, joto la injini, na yule aliyekuwa anasafirishwa hakuna aliyemuuliza anapenda kukaaje.

Unayajua yale madirisha madogo ya pembetatu, mwanangu, yaliyokuwa yakiwekwa mbele ya kioo kikubwa cha mlango? Gari lile lilikuwa nayo. Bibi Zuhura, akiwa bado na machozi, alipeleka mkono kwenye la upande wake, akabinya kitufe kidogo cha kulifungulia, akakisukuma kwa namna ambayo mtu asiyelijua gari lile asingeweza. Kidirisha kikafunguka. Akatoa vidole vyake nje. Pumzi zikaanza kumrudi. Baadaye kidogo akaegemea siti kama anavyoegemea siku zote.

Mumewe akaketi kwenye usukani polepole, akawasha injini, akaniashiria niwashe kiyoyozi. Kilipuliza, naye mama hakushtuka. Mimi nikanyoosha mkono ili nikifunge kile kidirisha.

"Kalunde, acha," Mzee Nassoro aliniambia.

"Baba, ubaridi utatoka wote."

"Utoke. Mimi sikuja hapa kutafuta ubaridi, nilikuja kutafuta namna ya kumfikisha mtu. Kama hautatosha gari zima, uelekeze miguuni na kifuani kwake, sisi tutatoka jasho."

Karipio ndilo hilo, mwanangu, na hakulisema kwa kelele. Nimekaripiwa na wengi tangu hapo, lakini sikumbuki jingine lililoniingia namna ile. Nilivigeuza vitundu vyote vimwelekee yeye, nikakiacha kidirisha wazi.

Waliniomba niende nao Urambo ili niwe macho ya gari. Tuliondoka baada ya mama kuamka mwenyewe na kunywa chai yake. Barabara wakati ule ilikuwa ya vumbi tupu, lami hii mnayoijua ninyi haikuwapo. Vumbi liliingia kwa kile kidirisha, Bibi Zuhura akajifunika khanga mdomoni, lakini mkono hakuutoa pale. Nilikuwa nyuma, shingo nimeinyoosha kutazama geji ya chaji na ile ya joto. Mahali penye mchanga mwingi, injini ikivuta kwa taabu, nilimwomba mzee azime kiyoyozi, na tulipopata ardhi iliyoshikamana tukakiwasha tena. Tulipita Usoke jua likiwa la utosi. Mzee Nassoro aligeuka akanitazama, mimi nikamtazama mama. Alikuwa amesinzia.

Nyumbani kwa Bibi Nyamizi wajukuu walitupokea uani. Tukafungua mlango wa gari. Bibi Zuhura akaitazama ile nyumba, akawatazama wale watu, akakataa kushuka. Mumewe alimbembeleza. Wajukuu walimbembeleza. Nilijaribu na mimi. Akashika kiti kwa mikono miwili akatazama mbele.

Kutoka ndani tukasikia sauti nyembamba ikiuliza mbona mgeni haingii. Walipomweleza, Bibi Nyamizi alisema, "Basi mimi ndiye nitakayekwenda. Nibebeni."

Walimbeba, mwepesi kama mtoto, wakamweka kwenye siti ya dereva kando ya mdogo wake, mto nyuma ya mgongo. Bibi Zuhura akamtazama.

"Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni wa mama yako, Kabula," alijibu mgonjwa. Kabula ndilo jina alilopewa utotoni, kabla ya kuolewa mjini na kuitwa Zuhura.

Sitakuambia kwamba kumbukumbu zilimrudi zote, maana hazikurudi. Lakini lile jina lilifika mahali. Walianza kuzungumza Kinyamwezi, kwanza maneno mawili matatu, halafu mengi. Walizungumza habari za mama yao, na mbuzi mmoja mtukutu, na kisima ambacho mmoja wao alitumbukiza ndoo. Mara nyingine Bibi Zuhura alipotea, akauliza tena, "Wewe ni wa nani?" Dada yake akajibu vilevile, bila kuchoka, wakaanza upya.

Tuliwaacha humo alasiri nzima, gari limesimama uani, injini inanguruma, kiyoyozi kinawapulizia. Wajukuu walitia mafuta. Mimi nilifungua boneti, nikawa namwagia rejeta maji kila ilipohitaji, na kila mara nikichungulia geji. Mshale haukulala. Kwa ile dainamo ya zamani, gari likiwa limesimama namna ile, betri ingekufa kabla hawajamaliza kusalimiana, na kwa zile nyaya za zamani sipendi hata kufikiri. Fundi Maganga hakuwapo, ila nilimsikia moyoni.

Jua lilipopoa Bibi Nyamizi akasema amechoka, arudishwe kitandani. Waliagana kwa kushikana mikono. Masika yalipoanza alifariki. Mzee Nassoro alipokuja karakanani kutuambia, alisema mkewe hakumbuki kama alikwenda Urambo, lakini tangu siku ile, akikaa garini, huwa anaimba kidogo kwa Kinyamwezi. Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, na gari lile tulilihudumia mpaka mwisho.

Sasa nikurudie wewe, mwanangu. Gari la mteja wako ukitaka kulifungia kiyoyozi, kwanza liulize linao umeme kiasi gani likiwa limesimama, usiliulize likiwa mbioni. Vua uone nyaya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kazi yetu ukuta huo hujengwa juu ya majivu. Kipe kila kitu kipya njia yake na fyuzi yake, na kama umeme hautoshi badilisha chanzo chake kabla hujaongeza mtumiaji. Mwenye haraka mweleze kwa heshima, umpe maji, ungoje. Kisha, ukishayajua yote ya chuma, nenda kamtazame yule atakayekaa ndani. Muulize anakaaje, anaogopa nini, anapenda upepo utokee wapi. Akikuambia kitu kinachoharibu hesabu yako, ibadilishe hesabu. Na hayo si ya magari tu. Utaoa, utalea, utauguza wazee wako, na kila mahali utatwika watu mizigo na kuwatafutia nafuu. Pima bega, halafu muulize mwenye bega.

Haya, nenda kazini. Mungu akupe mkono mtulivu na sikio linalosikia, na yeyote atakayesafiri kwa kazi ya mikono yako, Mola amfikishe salama kwa watu wake.